Umbizo la Tarehe: Kinachoonekana na Kilichomo

Mhasibu wa chama cha akiba na mikopo akifungua jedwali la marejesho na kukuta 45385 mahali palipotakiwa kuwa na siku ya malipo, hudhani faili limeharibika. Halijaharibika. Hiyo ndiyo 3 Aprili 2024, ila imevuliwa umbizo.

Umbizo, au fomati kama wengi wanavyosema maofisini, ni sura ambayo programu huivisha namba iliyomo ndani ya seli. Neno lina undugu na umbo, na si zaidi ya hapo: kubadili umbizo hakubadili kilichomo. Kwa Excel, tarehe ni hesabu ya siku. Siku ya 1 Januari 1900 ni 1, inayofuata ni 2, hivyo hivyo hadi leo, na ndiyo maana tarehe mbili zinaweza kutolewa ili kupata siku ambazo mkopo umecheleweshwa. (Hesabu hiyo imejumuisha hata 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwapo. Kosa lilikuwa la programu ya majedwali ya Lotus 1-2-3, nayo Excel ikalibeba makusudi ili mafaili yapatane.)

Balaa kubwa huanza mapema zaidi, wakati wa kuandika. Huku kwetu siku hutangulia mwezi, lakini kompyuta nyingi zimewekewa mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia. Karani akiandika 3/4/2024, Excel hupokea 4 Machi: siku 30 nyuma, bila onyo lolote. Akiandika 25/4/2024, mwezi wa 25 haupo, basi hubaki maandishi matupu. Safu moja, makosa mawili, na lile lisiloonekana ndilo la hatari.

Lile la pili hujitambulisha. Tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa seli, maandishi kushoto, endapo hakuna aliyegusa mpangilio. Kuyabadilishia umbizo ni kazi bure. Yapitishwe kwenye amri ya kugawa maandishi katika safu, na pale uchaguliwe mfuatano wa siku, mwezi, mwaka. Zile zilizogeuzwa kimyakimya hazina dawa hiyo: ni kuzilinganisha na stakabadhi. Alama za ##### kwa kawaida humaanisha tu kwamba safu ni nyembamba.

Hata maabara hazikusalimika. Majina ya jeni kama MARCH1 na SEPT1 yaligeuzwa kuwa tarehe mara nyingi kiasi kwamba mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliyabadilisha kuwa MARCHF1 na SEPTIN1. Jeni zilipisha programu!

Ofisi zinazobadilishana mafaili ziandike 2024-04-03, kwa kufuata kanuni ya ISO 8601. Excel huisoma vilevile, kompyuta iwe imewekewa mpangilio wa Marekani au wa Tanzania.