Remmy Ongala na Suala la Wimbo Usiorushwa Redioni

Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki mwa Kongo, akahamia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Utunzi wake ulikomaa alipoiongoza Super Matimila, ambako tungo zake za Kiswahili zilizungumzia umaskini, unyonge na kifo. Mwaka 1988 bendi ilishiriki ziara ya tamasha la WOMAD barani Ulaya. Mwaka 1989 kampuni ya Real World ikatoa albamu ya Songs for the Poor Man.

Hata hivyo, heshima ya ughaibuni haikumfungulia milango yote nyumbani. UKIMWI, uliotambuliwa nchini mwaka 1983 mkoani Kagera, ulimsukuma kutunga "Mambo kwa Soksi", soksi ikiwa ni tafsida ya kondomu. Radio Tanzania ilikataa kuurusha. Wakaazi wa Dar es Salaam waliweza kuusikia kwenye kumbi za dansi. Lakini kwa kijiji kama Mandawa, wilayani Ruangwa, redio ya serikali ndiyo iliyokuwa njia kuu ya wimbo mpya kufika. Kwa hiyo, katazo hilo halikuwa na uzito sawa kwa wote: lilimwelemea zaidi mnyonge yuleyule aliyeimbiwa.

Ongala alifariki Desemba 2010. Hoja ya sehemu hii ni kwamba historia ya muziki wa dansi inayotegemea maktaba ya redio pekee hurithi pia ukimya wa redio hiyo. Kumbukumbu za wasikilizaji wazee wa kusini hazina budi kukusanywa kabla hawajatutoka.