Jina Halipo
Nikiwa kwenye treni kutoka Syokimau, mtaa wenye jina la yule mtabiri wa Kikamba aliyeiona reli kama nyoka kabla haijaja, nilifungua tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kutafuta ni bure. Nikaandika jina la baba ya babu yangu, aliyechukuliwa Kariokor, kile kikosi cha wapagazi, vita vya 1914, asirudi. Zii. Nikabadilisha tahajia mara tatu. Zii tu.

Mwaka wa 2021 tume yenyewe ilikiri kwamba wapagazi wengi Waafrika hawakuwekewa majina. Hata pale Kenyatta Avenue, sanamu ya mpagazi ipo tangu 1928, majina hakuna.

Nikampigia susu.

“Shika kalamu,” akasema. Mama mkwe wake alimtajia wote waliotolewa kijijini.

Tumefika wa nne.