Wakorofi wa Darasa la Tatu

Mwaka 1960, katika Columbia County, eneo la mashamba na miji midogo kando ya mto Hudson jimboni New York, watoto wa darasa la tatu waligawiwa vijitabu vyenye majina ya wanafunzi wote wa darasa lao. Waliulizwa swali baada ya swali. Nani huwasukuma wenzake? Nani huanzisha ugomvi bila sababu? Nani huchukua vitu vya watu bila kuomba? Kila mtoto alipiga mstari kwenye majina ya waliohusika. Hivyo watoto zaidi ya 850, wenye umri wa miaka minane hivi, wakatoa ushahidi juu ya wenzao.

Utafiti huo uliongozwa na mwanasaikolojia Leonard Eron. Alitaka kujua kwa nini, katika mji uleule na darasa lilelile, mtoto mmoja hurusha ngumi kwa jambo ambalo mwenzake hulipuuza. Kuwauliza watoto wenyewe ulikuwa uamuzi wa busara sana. Mzazi humjua mwanawe wa nyumbani, na mwalimu humwona yule anayejua kwamba anatazamwa. Lakini anayeketi naye dawati moja ndiye anayejua nani humfinya pindi mwalimu anapogeukia ubao.

Wazazi nao walihojiwa, hasa kuhusu adhabu wanazotoa. Ili wasijione wanashtakiwa, waliulizwa pia mambo mepesi, kama vipindi vya televisheni ambavyo watoto wao huvipenda. Maswali hayo ya kulainisha mazungumzo ndiyo yaliyokuja kuzua mjadala mkubwa: watoto walipofika miaka 19, wavulana waliopenda vipindi vya mapigano utotoni walionekana wakali zaidi. Hadi leo wataalamu wanabishana kuhusu maana yake.

Mimi naona jambo zito zaidi lilikuja miaka 22 baada ya vile vijitabu. Eron na mwenzake Rowell Huesmann waliwatafuta tena watu wale, sasa wakiwa na miaka 30 hivi, wakapata taarifa za zaidi ya 600. Waliotajwa na wenzao kuwa wakorofi darasa la tatu walikuwa na hatia nyingi zaidi mahakamani na makosa mengi zaidi ya barabarani. Wanaume kati yao waliwatendea wake zao kwa ukali zaidi, na waliokuwa wazazi waliwaadhibu watoto wao vikali zaidi. Watoto hao nao walielekea kuwa wakali, kama wazazi wao walivyokuwa katika umri huo.

Matokeo haya ni rahisi kuyasoma vibaya. Yanaeleza mwelekeo wa kundi; hayamhukumu mtoto mmoja. Wengi waliowekewa mstari mwaka 1960 hawakuishia gerezani. Kumbandika mtoto wa miaka minane jina la mhalifu mtarajiwa ni kumdhulumu, na utafiti huu hauruhusu hivyo.

Watu hao walifuatiliwa hadi walipofikia miaka 48. Walioendelea kuwa wakali tangu utotoni hadi utu uzima ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi, katika maisha yao na katika afya ya akili. Wale ambao ukali wao uliishia utotoni, kwa sehemu kubwa, maisha yao hayakutofautiana na ya wenzao ambao hawakuwahi kuwa wakali.