Magogo Mawili ya Kalambo

Mto Kalambo hupita mpakani mwa Tanzania na Zambia, huporomoka zaidi ya mita 200, kisha huingia Ziwa Tanganyika. Juu ya maporomoko kuna bonde tulivu ambalo watu wa kale walipiga kambi mara kwa mara. Mwanaakiolojia Desmond Clark alifika hapo mwaka 1953, akakuta kingo zimeliwa na maji na zana za mawe zimejitokeza udongoni.

Alipochimba alipata pia miti. Hilo ni jambo la nadra mno. Mti huoza, jiwe hubaki, na kwa sababu hiyo tumezoea kuwawazia wahenga wale kana kwamba hawakushika kitu kingine ila jiwe. Huko Kalambo udongo ulilowa maji daima, hewa haikupenya, miti ikasalimika. Baadhi ya vipande vilionekana kuchongwa, lakini Clark hakuweza kuthibitisha, na umri wa vipande hivyo ulikuwa mbali kupita uwezo wa kipimo cha kaboni.

Mwaka 2019 kikosi cha Larry Barham, wa Chuo Kikuu cha Liverpool, kilichimba tena ukingoni. Chini kabisa yalilala magogo mawili yaliyokingamana. La juu lilikuwa limechongwa pengo upande wa chini, likakaa barabara juu ya mwenzake, na alama za kukata na kukwangua bado zikisomeka. Ili kujua umri, watafiti walipima chembe za mchanga ulioyazunguka magogo hayo, maana chembe hizo hukusanya nishati tangu siku zilipofunikwa zisione jua tena. Jibu, lililochapishwa mwaka 2023, lilikuwa miaka 476,000 hivi. Mabaki ya kale zaidi ya binadamu wa jinsi yetu, yale ya Jebel Irhoud nchini Moroko, yana miaka kama 300,000 tu.

Huenda magogo hayo yalikuwa jukwaa, njia ya kuvukia tope, au msingi wa kibanda. Mimi naelemea jukwaa, kwa kuwa bonde lile ni la majimaji. Vyovyote iwavyo, aliyechonga pengo lile alikwisha kuyaona magogo yote mawili kichwani mwake kabla ya kuyaunganisha, na mtu hajisumbui hivyo kwa mahali anapolala usiku mmoja. Wala bonde halikuachwa: katika matabaka ya baadaye, ya chini ya miaka 400,000, zimepatikana kabari ya mti na muo wa kuchimbia.