Kada mpya katika kundi la majadiliano
Katika shule za umma za California, Marekani, ambako sheria ya 1975 iliwapa watumishi haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja, kada iliyobuniwa karibuni, tuseme fundi wa kompyuta, huingizwa katika kundi la makarani na madereva kwa mwafaka wa pande mbili, au, wakihitilafiana, kwa ombi mbele ya Bodi ya Mahusiano ya Ajira ya Umma, ambayo hupima ushirika wa maslahi. Nyongeza ikifika asilimia 10 ya kundi, hudaiwa ushahidi kwamba wengi wa wanaoingizwa wameridhia. Na hiyo ni insafu, maana ndio watakaosemewa. Katibu muhtasi achapaye siri za majadiliano za mwajiri haingizwi kamwe.