Kwa nini Mama Mkubwa anaficha sukari uvunguni

Kuna tabia moja ilikuwa inanikera kuliko zote tangu nihamie kwa Mama Mkubwa hapa Dar, na najua wengi wenu mna mtu wa namna hii nyumbani. Ukirudi dukani na kilo mbili za sukari anazipokea vizuri tu, anaingia nazo chumbani, basi, hamtaonana nazo tena. Kwenye kopo la jikoni unakuta vijiko vitatu. Ukiuliza unaambiwa sukari imeisha. Imeisha vipi wakati nimeileta jana?

Siku niliyoingia chumbani kumsaidia kugeuza godoro ndipo nikaona mambo. Uvunguni kulikuwa na ndoo mbili za sukari zilizofungwa vifuniko, katoni ya sabuni za miche, dumu la mafuta ya kula, viberiti vya kutosha mtaa mzima, na chumvi. Chumvi jamani! Nani anaficha chumvi zama hizi?

Ukienda naye sokoni ni shughuli nyingine. Nyama lazima ivingirishwe kwenye gazeti (mara moja lilikuwa gazeti lenye habari yangu niliyoikesha), iwekwe chini kabisa ya kikapu, juu yake mchicha. Jirani akiuliza tunatoka wapi, tunatoka kumwona mgonjwa. Dawa ya meno ikiisha, tyubu inakatwa kwa mkasi na kukwanguliwa. Vipande vya sabuni vilivyobaki vinabandikwa pamoja mpaka unaogea sabuni ya rangi tatu. Na akikuta watu zaidi ya watano wamejipanga mbele ya duka, mama huyu anasimama nyuma yao kwanza, halafu ndipo anauliza kinachouzwa.

Sisi vijana tuna majina ya watu kama hawa: ubahili, uchoyo, ushamba. Mimi niliyatumia yote, kimoyomoyo. Mpaka siku nilipokuta mfuko wa sembe umejaa fukusi nyuma ya kabati, nikaubeba nikaenda kuutupa jalalani bila kumuuliza mtu. Mama Mkubwa hakugomba. Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne akaniambia kwamba unga wenye fukusi unachekechwa, hautupwi, na kwamba mimi sijui lolote.

Kauli ile ya kutojua lolote ilinichoma, maana nina digrii na kazi yangu ni kujua mambo. Nikaanza kumuuliza, na asichonijibu yeye nikakitafuta kwenye vitabu.

Mama Mkubwa alizaliwa mwaka 1967 na kukulia mjini Morogoro. Yaani alikuwa na miaka kumi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na miongoni mwa vilivyoharibiwa huko ni kiwanda cha sukari. Tukaenda vitani, Kampala ikaanguka Aprili 1979. Gharama ya vita ile hutajwa kuwa kiasi cha dola milioni 500, kwa nchi ambayo haikuwa nazo. Mwaka huohuo bei ya mafuta ikapanda tena duniani, na bei nzuri ya kahawa ya miaka michache nyuma ilikuwa imeshapita. Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Wakafunga. Miezi 18 ikaisha, mikanda haikufunguliwa.

Kilichofuata wengi tunakijua kwa neno moja tu, "uhaba", kama vile ilikuwa mvua iliyokataa kunyesha. Lakini uhaba ule ulikuwa na mitambo yake. Kiwanda cha sabuni kinahitaji malighafi na vipuri kutoka nje, navyo vinahitaji fedha za kigeni. Fedha hazipo, kiwanda kinasimama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vingi nchini vilikuwa vikizalisha chini ya theluthi ya uwezo wake. Kidogo kilichozalishwa kilipangiwa bei na Tume ya Bei ya Taifa, iliyoundwa mwaka 1973 na iliyokuwa ikidhibiti bei za bidhaa zaidi ya elfu moja. Sasa wewe fikiria ni mwenye duka: bei ya kwenye karatasi haikulipi, na nje kuna mtu yuko tayari kulipa mara tatu. Utaiweka sabuni dirishani? Unaiweka nyuma. Lugha yetu ikapata neno "mlango wa nyuma", neno "ulanguzi" likawa wimbo wa kila siku redioni, na bidhaa zenyewe zikaitwa "bidhaa adimu".

Njia halali ilikuwa ndefu. Mzigo ulitoka kiwandani kwenda kampuni ya biashara ya mkoa, ile RTC, ukaenda duka la ushirika au duka la kaya, na anayejua kaya yenu ina watu wangapi ni balozi wa nyumba kumi. Wa RTC ana ndugu, wa duka ana ndugu, balozi ana ndugu. Kinachobaki ndicho kinachopangiwa foleni. Mama Mkubwa anasema walikuwa wanaamka saa kumi usiku kwenda kuweka jiwe. Ndiyo, jiwe: unaliweka kwenye mstari kushika nafasi yako, unarudi kulala kidogo, na watu wanaheshimu jiwe la mwenzao. Ukiona foleni njiani unaingia kwanza, maana ukianza kuuliza kinachouzwa watu kumi watakuwa wameshakutangulia. Hapo nikaelewa ile ya kusimama nyuma ya watu watano.

Na hawa walikuwa watu wa Morogoro! Mkoa wenye Kilombero na Mtibwa, viwanda viwili vya sukari, lakini chai ilinywewa na chumvi. Unga nao wakati mwingine ulikuwa ule wa mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani, ambao watu waliubatiza Yanga kwa sababu ya rangi. Mama Mkubwa ni Simba damu, na anadai sababu ni huo ugali.

Wala si sisi peke yetu. Uingereza ilianza kugawa sukari kwa mgao Januari 1940, na mgao huo wa sukari ukaendelea hadi 1953, vita ikiwa imekwisha miaka minane nyuma. Nyama ilifuata 1954. Vijana wa huko nao walikua wakiwashangaa bibi zao waliotunza kila kamba na kila karatasi ya kufungia. Kuweka akiba ni jambo ambalo aliyewahi kukosa popote pale atalifanya.

Lakini akiba inaeleza nusu tu ya tabia za Mama Mkubwa. Inaeleza ndoo, haielezi uvungu. Kwa nini nyama ifichwe chini ya mchicha? Kwa nini jirani adanganywe habari za mgonjwa? Hapo lazima twende mwaka 1983.

Edward Sokoine alirudi kwenye uwaziri mkuu Februari 1983, na mwishoni mwa Machi ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Maduka, maghala na nyumba zikapekuliwa, watu wakakamatwa kwa wingi nchi nzima. Bunge likapitisha sheria maalumu iliyofanya kazi kwa kurudi nyuma, ikaunda mahakama zake, ikaondoa dhamana, na mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mshitakiwa. Mwaka uliofuata ilibadilishwa kwa sheria nyingine ya uhujumu uchumi, ambayo pamoja na marekebisho yake ndiyo hiyo mnayoisikia mahakamani mpaka leo. Mimi nimeshaandika habari za kesi zake kadhaa bila kujua ilikotoka.

Tusidanganyane, walanguzi wakubwa walikuwepo na wananchi walifurahi walipokamatwa. Bidhaa zilizokuwa hazionekani zilitokeza ghafla. Tatizo ni kwamba hapakuwa na mstari unaoonekana kati ya mlanguzi na baba mwenye nyumba aliyenunua zaidi kwa sababu hajui atapata tena lini. Katoni moja ya sabuni ni akiba au ni hujuma? Inategemea anayeingia mlangoni. Ndiyo maana wasimulizi wa wakati ule wanakumbuka watu waliotupa mali usiku mitoni na vichakani, mali ambayo wengine ilikuwa halali yao kabisa.

Babu yetu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Dada yake Mama Mkubwa alikuwa aolewe baada ya masika, na kwa miezi kadhaa Babu alikuwa amekusanya vitu vya harusi: doti tatu za khanga, sukari kidogo, katoni ya sabuni. Kila kimoja kilinunuliwa kwa njia yake, na hakuna hata kimoja chenye risiti. Redio ilipoanza kusoma habari za waliokamatwa, alichimba shimo nyuma ya jiko usiku, akafukia sabuni. Khanga zikavaliwa na wanawake wa nyumbani, moja juu ya nyingine, kila siku, hata kwenye jua kali.

Kisha masika ya Aprili yakafika. Mnaijua mvua ya Morogoro inavyoshuka kutoka Uluguru. Maji yakaingia shimoni, sabuni ikaanza kulainika, na asubuhi moja Mama Mkubwa, msichana wa miaka kumi na sita, akaamka akakuta povu uani. Povu jeupe linatoka nyuma ya jiko, linapita uani, linaelekea kwenye mfereji wa barabarani mbele ya nyumba ya balozi. Akachukua ufagio. Anasema alifagia povu lile mpaka mikono ikachubuka, na kila akifagia linazidi, maana kulifagia ndiyo kulikoroga. Kumekucha, balozi akatoka, akasimama akaangalia mfereji. Akamwangalia msichana. Akasema mvua ya mwaka huu ina povu, akaingia ndani.

Hakumripoti mtu.

Nilimuuliza Mama Mkubwa: sasa kama balozi yule aliwafichia siri, kwa nini wewe unawaogopa majirani mpaka leo? Akaniangalia kama niliyeuliza swali la mtoto. Akasema yule alikuwa balozi mmoja, na wao hawakumchagua kwa ajili ya hilo, walibahatika tu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema tabia hizi ni uchoyo wa wazee. Foleni ilifundisha watu kuweka. Kuficha walifundishwa na serikali, tena kwa nia njema, na kwa muda mfupi kabisa. Sokoine mwenyewe hakuishi kuona ilikoishia. Alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, mkoani humohumo Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Mama Mkubwa anakumbuka mji mzima ulivyolia. Babu naye alilia, huyohuyo aliyefukia sabuni, na ukimuuliza Mama Mkubwa inakuwaje anasema haoni ajabu yoyote.

Mengine yalikwenda haraka. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, Novemba 1985 Mzee Mwinyi akawa rais, 1986 tukasaini na IMF, na zama za "ruksa" zikaanza. Sabuni zikarudi madukani, mitumba ikajaa, na kilichoadimika sasa kikawa pesa ya kuvinunulia. Walanguzi wakaanza kuitwa wafanyabiashara. Lakini hakuna tangazo lililotolewa redioni kuwaambia wasichana waliofagia povu kwamba sasa wanaweza kuacha kuficha.

Nilidhani nimeielewa habari hii na nimeimaliza, mpaka Januari 2024. Mnakumbuka. Mvua za El Niño zilisimamisha viwanda, sukari ikapotea, serikali ikatangaza bei elekezi ambayo ya juu kabisa ilikuwa sh. 3,200 kwa kilo, na mtaani ikauzwa 4,000 na zaidi. Mhariri akanituma kuzunguka madukani. Nilizunguka kutwa. Duka moja linauza nusu kilo kwa kila mteja, jingine linakwambia haipo huku mwenye duka akiangalia pembeni. Nikarudi nyumbani usiku, nikafungua kompyuta niandike, na aya yangu ya kwanza ilikuwa na onyo la viongozi kwa watu wanaoficha sukari.

Mama Mkubwa akaniwekea kikombe cha chai kando. Nikanywa. Ilikuwa tamu kama ya harusini.

Hakusema kitu na mimi sikusema. Niliiacha ile aya, maana onyo lilitolewa kweli na ni kazi yangu kuliripoti, ila nilichukua muda mrefu kuiandika. Nilipomaliza akaniita chumbani. Alikuwa amepima sukari nusu kilo, ameifunga kwenye gazeti, gazeti juu ya gazeti. Akaniambia nimpelekee jirani, yuleyule wa "tunatoka kumwona mgonjwa", kwa kuwa ana watoto wadogo wanaokunywa uji. Nipite mlango wa uani. Na nikiulizwa imetoka wapi, niseme tumeletewa na mgeni.