Sanduku la Leisnig: Sadaka ya Mtu Binafsi na Wajibu wa Usharika

Katika sikukuu zetu za kukumbuka Matengenezo ya Kanisa, suala la maskini hutajwa kwa nadra. Hata hivyo hoja ya 43 kati ya zile 95 za mwaka 1517 yahusu jambo hilo hasa: ampaye maskini au kumkopesha mhitaji hutenda vema kuliko anunuaye cheti cha msamaha. Nyuma ya hoja hiyo palikuwa na desturi ya karne nyingi. Sadaka ilihesabiwa kuwa tendo la kumpatia mtoaji stahili mbele za Mungu, na maskini naye alikuwa na kazi yake, yaani kumwombea aliyempa. Matajiri waliweka wakfu mashamba na fedha ili mkate ugawiwe siku ya kumbukumbu ya kufa kwao. Ukarimu ulikuwa mwingi. Ila ulielekea pale roho ya mtoaji ilipouhitaji, na si lazima pale njaa ilipokuwa kali.

Mafundisho ya kuhesabiwa haki kwa imani yaliivunja ngazi hiyo. Ndipo likazuka swali ambalo wanatheolojia wetu hulipita upesi mno: ikiwa sadaka haimnunulii mtu mbingu, ni nani atakayemlisha maskini? Mwaka 1520, katika waraka wake kwa wakabaila wa Kikristo wa Ujerumani, Luther alijibu kwamba kila mji uwatunze maskini wake na kuombaomba kukomeshwe. Wittenberg ilitoa agizo la namna hiyo Januari 1522. Jaribio linalotufunza zaidi, hata hivyo, ni la Leisnig, mji mdogo wa Saksonia.

Luther aliutembelea mji huo Septemba 1522, na mapema mwaka 1523 usharika ukatunga kanuni ya sanduku la pamoja, naye akaipiga chapa pamoja na dibaji yake. Kanuni hiyo yapendeza kwa jinsi isivyodharau mambo madogo. Wasimamizi wangekuwa 10, wakichaguliwa kila mwaka: wakabaila 2, wajumbe wa baraza la mji 2, wenyeji wa mjini 3, na wakulima wa vijijini 3. Sanduku lingekuwa na kufuli 4, na kila kundi lingeshika ufunguo wake, ili kundi lolote lisiweze kulifungua peke yake. Wasimamizi wangekutana kila Jumapili. Fedha za sanduku zingewalipa wachungaji na walimu, zingewatunza yatima, wazee na wagonjwa, na fundi aliyeishiwa angekopeshwa apate kuanza tena kazi yake.

Kifungu kizito kuliko vyote ni kile kihusucho upungufu. Mapato yasipotosha, kila mkabaila, kila mwenyeji wa mjini na kila mkulima atatozwa kiasi fulani kwa mwaka, kadiri ya uwezo wake. Matoleo ya hiari hayakuondolewa. Kanisani viliwekewa nafasi vyombo vya kupokea chakula na fedha kutoka kwa yeyote aliyeguswa moyo. Lakini watunzi wa kanuni hawakukubali mkate wa yatima utegemee kuguswa huko. Usharika uliosikia habari ya neema ya bure ndio uliojiandikia toleo la lazima. Binafsi sioni mgongano hapo, kwa kuwa neema humweka mtoaji huru na hesabu ya stahili zake, wala haimwondolei jirani.

Utekelezaji ulikwama. Baraza la mji lilikataa kukabidhi mali za wakfu. Mwaka 1523 Luther alimwomba Friedrich, mtawala wa Saksonia, aingilie kati, naye Friedrich akakawia. Mwaka uliofuata Luther alikuwa akilalamika kwamba mhubiri wa Leisnig atafukuzwa na njaa.

Wako waionao Leisnig kuwa mbegu ya dola yenye kutunza raia wake. Nadhani wanazidisha, kwani Nürnberg ilikuwa na agizo lake mwaka 1522, na Ypres, mji wa Kikatoliki, mwaka 1525. Ninaloliona mimi ni usharika uliotambua kwamba hisani ya mtu mmoja mmoja haitoshi, kisha ukagundua kwamba hata wajibu wa pamoja hukwama iwapo wenye mali na mamlaka hawaukubali.

Kuna kifungu kingine kisichosomwa sana. Wanafunzi wageni wasiruhusiwe kuomba, si mjini wala vijijini. Atakaye kusoma Leisnig ajitafutie chakula chake. Sanduku la pamoja lilikuwa na orodha, na mgeni hakuwamo. Luther mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi Eisenach, aliimba milangoni mwa watu ili apate mkate, na ni wenyeji wa mji huo, kwa hiari yao tu, waliomfungulia na kumketisha mezani.